Homa Ilianza Siku Gani?

Katika zahanati na vituo vya afya vya ukanda wa Tanga kuna swali linaloulizwa harakaharaka na kujibiwa harakaharaka zaidi: homa ilianza lini? Mgonjwa hujibu "juzi", au "siku mbili tatu hizi", jibu likaandikwa, kisha tabibu na mgonjwa wakaendelea na kile wote wawili wanachokingoja, kipimo cha malaria. Kidole kinatobolewa, dakika kumi na tano zinapita. Mstari ukijitokeza, dawa ya mseto inatolewa na kila mtu anajua la kufanya. Usipojitokeza, hapo ndipo mambo yanapokwama. Mtu anaungua, viungo vinamuuma hata kushika kikombe ni kazi, halafu anaambiwa hana malaria. Si wachache wanaotoka hapo wakaenda moja kwa moja duka la dawa kununua mseto vilevile, na juu yake sindano ya kutuliza maumivu.

Nataka kulitetea swali lile linalopitwa. Kwa magonjwa ya virusi yanayoletwa na mbu, hasa dengi na chikungunya, siku ya homa ndiyo inayoamua kipimo kipi kitasema kweli, dawa ipi itadhuru, nani arudi nyumbani na nani alazwe, na hata kama mbu atakayemuuma mgonjwa leo ataondoka na ugonjwa au atashiba damu tu. Sababu imo ndani ya mwili. Katika wiki ya kwanza kinga haifanyi kazi moja. Hubadilisha kazi kila baada ya siku moja au mbili, na sehemu kubwa ya yale tunayoyaita ugonjwa ni kazi hiyo yenyewe.

Mji uliofundwa na malaria

Muheza ina haki ya kuifikiria malaria kwanza. Wapita njia kati ya Segera na Tanga mjini huujua mji huu kwa machungwa, lakini katika vitabu vya tiba ya nchi za joto umeandikwa kwa mbu. Mwaka 1949 kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki kilianzia hapa, kabla ya kupandishwa mlimani Amani. Mtaalamu wa wadudu Mick Gillies aliwatia mbu alama na kuwaachia huru katika maeneo haya ili ajue wanaruka umbali gani na wanaishi siku ngapi. Miongo kadhaa baadaye Chris Curtis na Caroline Maxwell walivipima vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya wilaya hii, na kule Zeneti Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kupitia kituo chake cha Amani ambacho siku hizi kiko Muheza mjini, ina vibanda vya majaribio ambako vyandarua vipya hupimwa dhidi ya mbu wa porini.

Hospitali Teule ya Muheza nayo ina historia yake. Kati ya 2006 na 2007 watafiti waliwafuatilia watoto 3,639 waliolazwa hapo, na sita katika kila kumi walikuwa na malaria ya kweli, iliyothibitishwa kwa hadubini. Katika muongo huohuo timu ya Patrick Duffy na Michal Fried iliwafuata watoto wa Muheza tangu kuzaliwa kwao, ikihifadhi damu yao kidogo kidogo. Mwaka 2014 Jonathan Kurtis na wenzake walieleza katika jarida la Science kwamba walilinganisha damu ya watoto wa hapa wa miaka miwili waliostahimili malaria na ya wale waliougua mara kwa mara, wakagundua protini ya kimelea inayoshambuliwa na kingamwili za wale waliostahimili. Ikaitwa PfSEA-1. Ni jambo la kujivunia, na nadhani wazazi wengi wa wilaya hii hawajawahi kuelezwa kwamba damu ya watoto wao ndiyo iliyotoa somo hilo.

Somo la malaria, hata hivyo, halihamishiki kwa virusi. Kinga ya malaria hujengeka kwa miaka, kwa kuugua na kuugua tena, na haikamiliki. Mtu akihama akakaa mbali muda mrefu, kinga hiyo hupungua. Kinga dhidi ya kirusi cha chikungunya hukomaa ndani ya wiki mbili hivi na humlinda mtu kwa miaka mingi. Mwenye malaria anaweza kutembea na vimelea vichache bila kujua. Mwenye dengi ana ratiba: kirusi huingia, hupanda, hushuka, na mwili huandika kumbukumbu yake kwa siku zinazohesabika.

Ushahidi kwamba si kila homa ya upande wetu ni malaria umekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha matokeo ya hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania: wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria, lakini damu yao ilipochunguzwa kwa makini vimelea vilionekana kwa 46 tu katika kila 100. Kule Moshi, kati ya 2007 na 2008, wagonjwa 870 walilazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Wagonjwa 700 wa kundi hilo walipopimwa chikungunya, 55 walikuwa wakiugua chikungunya wakati uleule, na hakuna aliyekuwa akiishuku. Utafiti mwingine wa miaka ya 2010 uliochukua wagonjwa wenye dalili za malaria, kimoja cha vituo vyake kikiwa zahanati ya Bondo huko Handeni, ulikuta alama za dengi na chikungunya pia. Kisha mwaka 2019 dengi ililipuka Dar es Salaam, na Tanga ikawa miongoni mwa mikoa iliyoguswa. Hapo neno dengi likaingia majumbani.

Hayakuwa magonjwa mageni. Kirusi cha chikungunya kilitambuliwa duniani kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu. Daktari Marion Robinson ndiye aliyeandika dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyosambaa. Miaka themanini kabla yao, mwaka 1870, daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar aliandika juu ya homa iliyoenea kisiwani, homa ambayo wenyeji wenye umri mkubwa walikumbuka kuiona zamani, na iliyowaacha watu na maumivu ya viungo muda mrefu baada ya joto kupoa. Wanahistoria wa tiba walioyasoma maelezo yake baadaye wamesema yanafanana zaidi na chikungunya kuliko dengi. Lamu, mwaka 2004, ilikadiriwa kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa chikungunya. Pwani yetu ni moja, na majahazi na mabasi hubeba wagonjwa na mapipa yenye mayai ya mbu bila kuuliza mpaka.

Siku ambazo mgonjwa hazijui

Mbu mwenyewe, Aedes aegypti, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na huzaa katika maji yaliyotulia karibu na watu: pipa la akiba, dumu lililokatwa, tairi, kopo, kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko. Chandarua cha usiku, kilichotufaa sana dhidi ya malaria, hakimzuii.

Anapouma hudunga mate kwanza. Mate hayo huzuia damu isigande, na pia huamsha ngozi: chembe za kinga zilizo karibu hukimbilia pale palipotobolewa. Kwa dengi, kukimbilia huko ni balaa, maana kirusi chake hupenda kuingia ndani ya chembe hizohizo za ulinzi. Zikishaambukizwa hufanya lile ambalo siku zote hulifanya zikikuta kitu kigeni, yaani hukibeba hadi kwenye tezi zilizo karibu, na kwa kufanya hivyo humsafirisha adui hadi mahali palipojaa chembe nyingine za aina yake. Kirusi cha chikungunya kina njia tofauti kidogo. Hicho huzipenda zaidi chembe za nyama unganishi, zile zinazoshikilia misuli na maungio, na humo ndimo hupata wingi wake.

Siku hizi za mwanzo mgonjwa hana habari. Kwa chikungunya kimya hiki huchukua kati ya siku 3 na 7 kwa kawaida, kwa dengi kati ya 4 na 10. Kimya hicho ni cha nje tu. Chembe iliyoingiliwa ina vihisio vinavyoitambua RNA ya kirusi kuwa si ya nyumbani, na mara vikigutuka hutoa interferoni. Kazi ya interferoni ni ile ya yowe linalopigwa usiku kijijini: haimwokoi aliyevamiwa, bali majirani wakilisikia hufunga milango. Chembe jirani zikiipokea huanza kutengeneza protini za kukatakata RNA ngeni na kusimamisha kwa muda viwanda vyao vya protini, ili kirusi kikiingia kisipate vifaa. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua jijini London mwaka 1957, na tangu hapo imejulikana kwamba mwanzo wa vita na kirusi chochote hutegemea kasi yake. Virusi navyo vinalijua hilo. Dengi ina protini inayoiharibu moja ya njia ambazo ujumbe wa interferoni hupitia ndani ya chembe, na hivyo hujinunulia muda wa kuzaana.

Joto linatoka wapi

Siku ya kwanza ya homa, basi, si siku ya kwanza ya ugonjwa. Ni siku ambayo ujumbe wa kinga umejaa damuni kiasi cha kufika kwenye ubongo. Saitokini, yaani zile protini ambazo chembe za kinga hutumia kupelekeana habari, huisababisha sehemu ya ubongo inayosimamia joto kutengeneza kemikali iitwayo prostaglandini, na kemikali hiyo hupandisha kiwango cha joto ambacho mwili unakihesabu kuwa cha kawaida. Ndiyo maana mgonjwa wa nyuzi 39 hutetemeka na kuomba blanketi: kwa hesabu mpya ya ubongo wake, bado yuko baridi. Uchovu, kukosa hamu ya kula, maumivu ya kichwa na ya nyuma ya macho, mengi ya hayo ni interferoni na saitokini zikifanya kazi. Tunalijua hilo kwa sababu wagonjwa wa homa ya ini waliowahi kutibiwa kwa sindano za interferoni walipata homa, maumivu ya misuli na uchovu uleule, bila kirusi chochote cha mbu mwilini.

Hapa ndipo suala la dawa za maumivu linapokuja, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu kosa lake ni la kila siku. Parasetamoli hupunguza prostaglandini katika ubongo. Joto hushuka, maumivu hupoa, chembe za damu haziguswi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huzuia prostaglandini mwili mzima. Hukwaruza tumbo, na huzizuia chembe sahani, zile zinazoziba mishipa inapochanika, zisishikane vizuri. Katika dengi chembe sahani zimeshaanza kupungua zenyewe. Kumchoma mtu diklofenaki siku ya tatu ya dengi ni kumnyang'anya sehemu ya kinga yake dhidi ya kutokwa damu, siku moja au mbili kabla hajaihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutozitumia dawa hizo mpaka dengi iwe imeondolewa kwenye mashaka. Mwenye duka la dawa anayemuuliza mteja wake homa ina siku ngapi kabla ya kufungua kabati amefanya tendo la kitabibu.

Katika siku hizi za mwanzo, tangu ya kwanza hadi ya tano hivi, kirusi kimejaa damuni. Kwa chikungunya idadi yake katika mililita moja ya damu inaweza kufika mamia ya mamilioni na zaidi. Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la kipimo: wakati huu kinachofaa kutafutwa ni kirusi chenyewe, ama vinasaba vyake kwenye maabara kubwa, ama, kwa dengi, protini yake iitwayo NS1 ambayo ina kipimo cha haraka kinachofanana na cha malaria. La pili ni la jirani: Aedes akimuuma mgonjwa katika siku hizi ataondoka na kirusi, na baada ya siku chache atakuwa tayari kukipeleka nyumba ya pili. Mgonjwa anayelala mchana sebuleni bila chandarua anaambukiza mtaa. Kumtandikia chandarua mchana kwa siku tano ni kazi ndogo, na katika nyumba zetu, ambako chandarua hufungwa asubuhi na kufunguliwa magharibi, sijaona ikifanywa.

Kumbukumbu inapoandikwa

Wakati interferoni ikikizuia kirusi kwa muda, chembe nyingine zinajifunza. Chembe za T huiva katika tezi na kuanza kuziua zile zilizokwisha kuambukizwa. Chembe za B hutengeneza kingamwili. Kwanza zile za IgM, zinazoanza kuonekana kati ya siku ya nne na ya sita, kisha za IgG zinazofuata baada ya wiki hivi na kubaki kwa miaka. Kingamwili zikipanda, kirusi hushuka. Huo ndio ushindi, na kwa wagonjwa wengi wa dengi na chikungunya unapatikana bila hospitali.

Lakini tazama linalotokea kwa kipimo. Mgonjwa aliyekuja siku ya pili akapimwa IgM ataambiwa hana kitu, naye anaungua kwa kirusi. Aliyekuja siku ya nane akapimwa kirusi ataambiwa hivyohivyo. Majibu yote mawili ni sahihi na yote mawili yanapotosha, kwa sababu hakuna aliyeyasoma pamoja na siku. Kinyume chake pia kipo: IgM hubaki miezi miwili mitatu, hivyo anayekutwa nayo leo huenda aliugua kabla ya mvua za vuli, na homa ya leo ina chanzo kingine. Hata kipimo cha haraka cha malaria kina kumbukumbu ya namna hiyo. Protini kinayoitafuta inaweza kukaa damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na mtu aliyepona malaria mwezi huu anaweza kuonekana nayo huku anaugua dengi.

Kumbukumbu ya mwili pia huchanganya ndugu. Kingamwili za dengi huweza kuvishika virusi vya Zika, vya homa ya manjano na vya West Nile, maana wote ni ukoo mmoja. Dalili za kwanza kwamba Zika imewahi kuwaingia binadamu zilitokana na kingamwili zilizokutwa kwa watu wa Uganda na Tanganyika mwaka 1952. Chikungunya nayo ina ndugu wa karibu, o'nyong'nyong, iliyoanza Uganda mwaka 1959 na kuwapitia watu zaidi ya milioni mbili katika Afrika Mashariki ndani ya miaka mitatu. Huyu huenezwa na Anofelesi, mbu wa malaria mwenyewe. Kwa hiyo mzee wa huku akikutwa na alama za chikungunya, si rahisi kusema kwa hakika ni kipi kati ya viwili kilichompitia utotoni.

Siku joto linaposhuka

Hapa ndipo hesabu ya siku inapookoa maisha, na hapa ndipo desturi yetu inapotuangusha. Sote tumelelewa kuamini kwamba homa ikishuka mgonjwa amepona. Katika dengi, kati ya siku ya tatu na ya saba, joto linaposhuka ndipo wagonjwa wachache huingia hatarini. Kirusi kinapungua wakati huo. Kinachowazidia ni jinsi mwili ulivyojibu. Saitokini zikiwa zimejaa, pamoja na ile NS1 ya kirusi, huulegeza utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu, na maji ya damu huvuja kuelekea tumboni na kifuani. Damu inayobaki ndani ya mishipa huwa nzito na haitoshi. Mgonjwa hana joto tena, lakini mikono na miguu ni baridi, tumbo linauma mfululizo, anatapika bila kukoma, fizi zinatoa damu, amelegea au hatulii, mkojo umepungua. Familia inaweza kumwona amelala na kudhani anapumzika.

Kuvuja huku hudumu siku moja hadi mbili, kisha mishipa hujifunga na maji hurudi. Ndiyo maana dripu ni dawa na ni hatari pia. Kidogo mno, mgonjwa huzimia. Nyingi mno, yale maji yakirudi hujaza mapafu. Ndugu wanaodai mgonjwa wao "aongezwe maji" siku ya sita kwa sababu jirani kitandani kaongezwa wanaomba kitu ambacho huenda kikamuua. Kinachohitajika ni mtu wa kupima uzito wa damu na chembe sahani kila siku, na kuhesabu mkojo. Kazi hiyo haina fahari, nayo huwafanya karibu wagonjwa wote wa dengi kali wapone inapofanywa kwa wakati. Bila tiba, vifo hupanda sana.

Kwa nini wengine huvuja na wengine hawavuji? Jibu lenye nguvu zaidi lilianza kwa Scott Halstead, aliyewachunguza watoto wa Bangkok katika miaka ya 1960. Dengi ina aina nne. Ukiugua aina moja, kinga dhidi ya hiyo hubaki maisha yote. Aina nyingine ikija baada ya mwaka au miaka kadhaa, kingamwili za zamani huitambua lakini haziwezi kuizima, huishika tu. Na chembe za makrofeji, ambazo kazi yao ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili, hukimeza kirusi kikiwa hai na kuwa shamba lake jipya. Mwaka 2017 timu ya Leah Katzelnick ilionyesha kwa damu ya watoto wa Nikaragua kwamba hatari hiyo iko kwenye kiwango fulani cha kati: aliye na kingamwili nyingi yuko salama, asiye nazo kabisa ana hatari ya kawaida, mwenye za wastani ndiye anayeumia zaidi. Watoto wachanga waliorithi kingamwili za mama huweza kupita katika kiwango hicho zinapopungua katika mwaka wao wa kwanza.

Sasa rudi kwetu. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014 ulikuwa wa aina ya pili. Ule wa 2019 ulihusisha aina ya tatu, na ya kwanza pia ilionekana. Maelfu ya watu wa pwani wana kumbukumbu ya aina moja damuni, wengi bila kujua, kwa sababu waliugua wakaambiwa ni malaria au hawakuambiwa kitu. Kila aina mpya inayoingia inawakuta hao. Ndiyo maana ninaona daftari la zahanati linaloandika "homa, kipimo cha malaria hasi, amepewa panado" bila siku ya homa limepoteza habari ambayo mgonjwa huyo ataihitaji miaka mitano baadaye.

Chikungunya huua mara chache, lakini nayo ina neno lake la mwisho, na linamhusu mama. Katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion wa 2005 na 2006, uliowapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi, madaktari walikuta kwamba mama mwenye kirusi damuni wakati wa kujifungua humwambukiza mtoto karibu mara moja katika kila mbili. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya, wanaruhusiwa kurudi nyumbani. Kati ya siku ya tatu na ya saba anapata homa, anaacha kunyonya, na baadhi yao ubongo huvimba. Kujifungua kwa upasuaji hakukuzuia maambukizi hayo. Kilichosaidia ni kumjua mama mapema na kumweka mtoto chini ya uangalizi wiki nzima. Kwa hiyo mjamzito yeyote wa Muheza, Pangani au Mkinga aliyepata homa na maumivu ya viungo katika wiki ya kujifungua, hata kama kipimo cha malaria kilisema hana, amwambie mkunga mara anapoandikishwa wodi ya wazazi: nilipata homa, na ilianza siku fulani.